Kwenu wanangu mnaosoma vyuo vya Mbeya na Iringa: barua iende kabla ya mtihani

Wanangu na wajukuu zangu,

Mugonile. Na ninyi wa upande wa Iringa, kamwene.

Anayewaandikia ni bibi mstaafu. Nilikaa miaka mingi mapokezi ya ofisi ya mshauri wa wanafunzi, katika chuo ambacho sitakitaja, maana nina deni la pale nitakalolisema hapo mbele. Sasa ninapangisha vyumba vitano huku Iyunga na wapangaji wangu wote ni wanafunzi. Kwa hiyo nimewaona pande zote mbili: mmechomekea vizuri mbele ya meza ya ofisi, na mmevaa ndala mkigombania bomba asubuhi.

Mmoja wa wapangaji hao ni kijana mpole, kodi analipa kwa wakati. Kila siku saa moja na nusu anatoka na begi mgongoni, jioni anarudi. Mwezi wa Juni, baridi imekaza, nikamkuta saa nne asubuhi amejikunyata nyuma ya duka kule Sae, begi mapajani, anasubiri saa ziende. Kumbe alidisko mwaka uliopita, yaani alifeli akaondolewa chuoni. Miezi saba nyumbani wanamtumia hela ya kula, naye kila asubuhi anaaga anakwenda darasani.

Nilimkalisha jikoni, nikamsongezea ndizi, akanisimulia. Mwaka wa kwanza alifiwa na kaka yake, akaenda msibani Songea bila kumwambia mtu chuoni. Aliporudi majaribio mawili yalikuwa yamepita. Koswaki, yaani maksi za majaribio na kazi za muhula, ikawa ndogo, aibu ikawa kubwa. Darasani akawa haelewi, akaacha kuingia. Mtihani akaufanya hivyo hivyo, akapata sapu, yaani mitihani ya marudio, na sapu nazo akazifanya hivyo hivyo.

Msiba ule ungeweza kumpa haki zake zote kama angeandika karatasi moja. Wengi mnadhani mshauri wa wanafunzi yupo kwa ajili ya wanaopigana hosteli. Mwenye msiba anaandika barua ya ruhusa kabla ya kupanda basi. Akishindwa, anampigia kiongozi wa darasa amfikishie taarifa. Ruhusa hiyo ndiyo mwalimu anayoitazama anapoombwa kukupa jaribio jingine. Mgonjwa anapeleka karatasi ya hospitali. Aliyezidiwa kabisa anaomba kuahirisha mtihani, au masomo yenyewe, ili akipata nafuu arudi aendelee. Kila chuo kina utaratibu wake na tarehe zake, umeandikwa kwenye kile kitabu cha mwongozo mlichopewa wiki ya kwanza mkakifanya cha kufunikia sufuria. Ila nilichokiona miaka yote ni kwamba barua ina nguvu ikifika kabla hujakaa kwenye chumba cha mtihani. Ukishafanya, ukafeli, ndipo uje na cheti cha hospitali cha mwezi uliopita, utaulizwa swali moja tu: sasa mbona uliingia? Nimewaona wakilia kwenye benchi letu. Mwenye cheti cha kweli alilia sawasawa na mwenye cha kununua, na sisi tulishindwa kuwatofautisha.

Sasa deni langu. Ijumaa moja alasiri alikuja binti wa mwaka wa kwanza. Akasimama mlangoni, hakukaa. Nikamuuliza shida yake, akasema, "Nilitaka tu kumwona mshauri." Mshauri alikuwa kikaoni, mimi nilikuwa na safari ya Tukuyu na wingu lilishatanda. Nikamwambia njoo Jumatatu. Jumatatu hakuja. Muhula uliofuata jina lake halikuwamo kwenye orodha, na mpaka leo sijui alitaka kusema nini.

Kwa hiyo mkifika pale msiseme "nilitaka tu". Semeni sijala tangu jana. Semeni sijalala wiki nzima. Mtu wa mapokezi akikuambia njoo Jumatatu, mwambie halisubiri, na asiposikia kaa hapo hapo kwenye benchi. Mimi bibi yenu nimewaruhusu.

Zamani mtu hakupotea kirahisi. Mkwawa tuliijua ikiwa sekondari, kabla haijawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2005. Hapa Iyunga kilianza chuo cha ufundi mwaka 1986, Mbeya Tech tukiita, na mwalimu alijua nani hakuja leo. Siku hizi ukumbi mmoja unajaa mamia. Usipoonekana wiki tatu, atakayeshtuka ni mwenye nyumba wako, naye anashtukia kodi.

Yupo pia mshauri nasaha. Najua, ukionekana kwake wenzako watasema kichwa kimevurugika. Waache waseme, kazi yake ni kusikiliza na kutunza siri, na hao wanaosema hawana hata moja. Na yule mwalimu mliyepangiwa awe mshauri wako wa masomo, ambaye wengi mnamjua siku ya kusainiwa fomu tu, mwendee mapema muhula unapoanza, mlango wake ukiwa hauna foleni.

Bumu, hela yenu ya mkopo, sitalizungumza sana, mama zenu wanalizungumza. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 Bodi ya Mikopo imeweka shilingi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, kutoka 8,500, na bado naona watu wanamaliza ya miezi miwili kwa wiki tatu, nyingine kwenye pombe ya ulanzi. Lakini wenzako wakiingiziwa na wewe kimya, nenda dawati la mikopo siku hiyo hiyo. Fedha isiyosainiwa hurudi Bodi.

Na anayekuambia maksi zako zipo ila uzifuate kwake jioni, huyo anataka rushwa ya ngono, ameingia kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Usiufute ujumbe wake. TAKUKURU wanapatikana kwa 113.

Yule kijana wangu, tulimpigia mama yake Jumapili baada ya ibada, simu tumeiweka juu ya meza. Alishindwa kuanza, nikaanza mimi, akamalizia mwenyewe. Mama alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akauliza, "Na kula, anakula?"

Ni mimi bibi yenu,
Iyunga, Mbeya.