Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wazazi Wanachama wa Watoto Wenye Mdomo Uliopasuka

Wazazi wenzangu, salaam aleikum na hamjambo nyote.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tuliwatembelea wazazi wapya wodini, tukawaonyesha akina mama namna ya kumlisha mtoto akiwa wima, tukachangia nauli za wanaotoka Likoni na Kisauni, hapa Mombasa. Hesabu anazo mweka hazina.

Nije kwenye jambo lililozua maneno. Baadhi yenu mlitaka kamati iandike barua kudai kila mtoto mwenye mdomo uliopasuka ashonwe kwa njia ya upasuaji ya daktari Millard pekee. Kura zililingana, nikaikataa mimi kwa kura yangu ya mwenyekiti. Tangu hapo nimeitwa kibaraka wa madaktari.

Chanzo mnakikumbuka: watoto wawili kwenye mkeka mmoja, pale Majengo. Wa Changamwe, kovu lake limeteremka kutoka puani, karibu usilione. Wa Mtongwe, limejikunja katikati mfano wa herufi Z. Papo hapo ikapitishwa kwamba huyu wa pili alishonwa na mwanafunzi. Nani aliwaambia?

Kovu la Z ni la njia ya pembetatu, ya daktari Tennison, mwaka 1952. Randall akaitengenezea vipimo mwaka 1959. Daktari hupima na kuweka alama kabla ya kushika kisu, kisha kipande cha ngozi cha pembe tatu kutoka upande wa nje hupachikwa upande wa pili. Urefu wa mdomo hupatikana kwa uhakika, hata mpasuko ukiwa mpana. Ubaya wake, kovu hukatiza kile kifereji kati ya pua na mdomo. Millard, Mmarekani, aliieleza yake mwaka 1955: upande wa ndani huzungushwa ushuke, wa nje husogezwa uzibe pengo. Kovu hujificha vizuri, lakini daktari hukadiria huku akikata, na mkono usiozoea waweza kuacha mdomo mfupi uliovutwa juu. Fisher wa Kanada akaja mwaka 2005 na njia ya vipimo ambayo kovu lake hufuata mipaka ya mdomo wenyewe. Waliozilinganisha hawajakubaliana ipi ni bora kwa kila mtoto. Sasa mlitaka nimwamrishe daktari aiache njia aliyoizoea?

Barua niliyoiandika mimi mwenyewe, usiku, inaomba jambo moja: mzazi aelezwe mapema njia itakayotumika na sababu yake.

Haya yote daktari aliyaeleza kwenye semina niliyoiandaa. Ukumbi na chai vilikula shilingi 8,400, na waliofika walikuwa 11. Wanaouliza pesa zilikwenda wapi hawakuwepo. Wangekuja wangesikia pia ile kanuni ya kumi tatu kabla ya mtoto kupasuliwa: umri wa wiki 10, uzito wa pauni 10 (yaani kilo 4 na nusu), na himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, 10. Mtoto asiyefikisha uzito huweza kurudishwa nyumbani, uwe umechagua njia yoyote ile.

Kuhusu ada: kati ya wanachama 64, waliolipa ni 23. Shilingi 100 kwa mwezi! Harusi tunachangia.

Mwaka ujao tunatarajia, inshallah, kupata mtaalamu wa kuwafundisha watoto matamshi, na pengine ofisi. Mweka hazina amekaa hapo mlangoni na kitabu cha risiti.