Barua kwa mwanangu: mikono kumi na mmoja

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya pili nikiwa napepeta mchele. Unauliza, iweje waasisi wa Marekani walioianza katiba yao kwa "Sisi Watu" wawaogope watu haohao?

Wafikirie wale wajumbe walioiandika katiba hiyo huko Philadelphia, kiangazi cha 1787. Milango na madirisha vimefungwa, joto limewakaba, na wamekubaliana neno lisitoke nje. Wamekuja na hofu mbichi. Mwaka uliotangulia, katika jimbo la Massachusetts, wakulima waliolemewa na madeni walizuia mahakama kuketi ili mashamba yao yasinadiwe. Rhode Island ikawa balaa zaidi, maana kule hakuna aliyeshika bunduki. Bunge lililochaguliwa kihalali lilichapa noti, thamani ikaporomoka, na mdai aliyezikataa akatozwa faini. Tarehe 31 Mei mjumbe mmoja, Elbridge Gerry, akasimama akasema maovu yao yanatokana na demokrasia kupita kiasi.

Mjumbe mwenzake, James Madison, ndiye aliyelichambua vizuri. Kundi dogo likitaka kudhulumu, kura zitalishinda. Kundi kubwa likitaka kudhulumu, kura ndizo fimbo yake. Basi wakaweka chujio juu ya chujio: maseneta wakateuliwa na mabunge ya majimbo (hadi 1913!), rais akachaguliwa na wajumbe maalumu, majaji wasipigiwe kura kabisa.

Unakikumbuka kikao cha ukoo, ulipokuwa darasa la sita? Shamba la minazi la shangazi yako, mjane, liuzwe au lisiuzwe. Mikono kumi na mmoja ikanyooka. Wake ulibaki mapajani, unakunja pindo la kanga, unalikunjua, unalikunja tena. Hakuna aliyeiba, mwanangu. Walipiga kura, kisha wakala pilau. Nami mkono wangu ulikuwa juu.

Ndiyo maana Madison simcheki. Ila usiwameze wazimawazima hao mabwana. Yeye mwenyewe alimiliki watumwa, na katiba ile iliwahesabu watumwa watano kama watu watatu, viti vya mabwana zao bungeni viongezeke. Wachache waliokingwa mapema ni wenye mali. Uhuru wa kusema na kuabudu ulisubiri marekebisho ya 1791, tena baada ya watu wa nje ya ukumbi kupiga kelele.

Shangazi anakusalimu. Akienda sokoni bado huzungukia njia ya msikitini, asipite pale shambani.

Mama yako