Barua ya malalamiko: Tuliachwa na ndege kwa sababu taarifa haikutaja uwanja

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu ya Shirika,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MADAI YA KURUDISHIWA NAULI NA GHARAMA ZA TEKSI

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu. Nilinunua kwenu tiketi mbili za kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam, yangu na ya mama yangu mzazi, kwa safari ya Ijumaa iliyopita saa nne asubuhi. Tuliachwa na ndege kutokana na taarifa yenu wenyewe, na ndiyo maana naandika kudai fedha zetu.

Tiketi mliyonitumia ilionyesha kuwa tungeondokea Arusha, na pembeni zikawekwa herufi ARK, ambazo ni alama ya uwanja wa Kisongo. Jioni ya kuamkia safari mlinitumia ujumbe wa simu ukieleza kwamba muda wa kuondoka sasa ni saa nne na nusu, kisha ukafuata namba ya safari na maandishi "JRO-DAR". JRO ni alama ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), lakini ujumbe huo haukutaja Kilimanjaro wala KIA, na hakuna mahali uliposema kwamba uwanja umebadilishwa. Abiria akipata ujumbe wa namna hiyo husoma saa, akapanga upya muda wa kuamka, akalala.

Kwa kuwa waandaaji wa ujumbe huo huenda hawaifahamu Arusha, naomba nieleze. Kisongo iko magharibi mwa jiji, kwenye barabara iendayo Makuyuni na Dodoma. KIA iko upande wa pili kabisa, kwenye njia ya Moshi, takriban kilomita 50 kutoka katikati ya jiji, na ukishaiacha barabara kuu bado unayo safari ya kuingia ndani hadi uwanjani. Anayechanganya viwanja hivi viwili anakuwa amekosea mkoa.

Tulifika Kisongo mapema. Kwenye kaunta yenu hapakuwa na mfanyakazi wala tangazo, na aliyetufahamisha kwamba siku hiyo ndege yenu haitui pale ni mlinzi wa lango, ambaye hata hivyo si kazi yake. Simu ya huduma kwa wateja iliita mpaka ikakatika. Tulikodi teksi, dereva akachepukia barabara ya pembeni inayotokea Usa River ili kukwepa foleni za mjini, na tukafika KIA ndege ikiwa bado imesimama uwanjani lakini kaunta imeshafungwa. Mfanyakazi wenu alisema kwamba mfumo umetuandika kuwa hatukutokea, na kwamba tiketi ya bei nafuu hairudishwi fedha wala haibadilishwi tarehe. Nilipomwonyesha ujumbe, alijibu kwamba JRO inajulikana. Inajulikana kwa nani? Kwa mawakala wa watalii, bila shaka. Mama yangu ameishi Arusha tangu kabla uwanja ule haujafunguliwa mwaka 1971, na KIA anaijua vizuri. JRO hajawahi kuisikia.

Sipingi uamuzi wenu wa kutumia KIA. Njia ya kurukia ya Kisongo ni fupi zaidi, na inawezekana siku hiyo mlikuwa na sababu ya msingi ya kiusalama au ya aina ya ndege. Ninachopinga ni kuihamisha ndege bila kumhamisha abiria, kisha kumtoza abiria huyo gharama ya kutohamishwa.

Kwa hiyo naomba mnirudishie nauli kamili ya tiketi zote mbili pamoja na fedha za teksi ya kutoka Kisongo hadi KIA. Naomba pia kila badiliko la uwanja litajwe mwanzoni mwa ujumbe, kwa jina kamili na kwa Kiswahili, na kaunta ya uwanja ulioachwa iwe na mtu au walau karatasi iliyobandikwa. Nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14, nitawasilisha suala hili kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Nimeambatanisha nakala za tiketi, picha ya ujumbe wenu na risiti ya teksi.

Wako mwaminifu,
Abiria mlalamikaji,
Arusha.