Geuza kichupa, mwanangu

Mwanangu,

Ndugu yako ameniambia Jumamosi unaingia duka la vifaa vya keki kununua vitu vya oda za Krismasi, na kwamba oda ya kwanza ni ya watoto wa Sande Skuli, keki yenye nyota za dhahabu. Nyota hizo ndizo zilizonishikisha kalamu. Kwenye simu ungeniambia "sawa Mama" kabla sijafika katikati, nakujua.

Dhahabu hiyo utaipaka kwa unga gani?

Juzi niliingia duka la namna hiyo hapa Kisumu kutafuta karatasi za kuokea. Desemba ikikaribia hupati pa kukanyaga: mabibi harusi na mama zao, wanaopima maboksi ya keki kwa mikono, mtoto analia anataka vile vitufe vya rangi. Nikavaa miwani nikaanza kusoma, maana foleni haikuwa inasonga. Rafu moja ilikuwa na vichupa vidogo vya unga wa kung'aa, bei karibu sawa. Cha kwanza kilikuwa na viungo vyake vyote: wanga wa mahindi, gundi ya mgunga, rangi pamoja na namba zake za E, zile za kutambulisha viungo vya chakula. Cha pili, dhahabu ile ile kwa macho, hakikutaja kiungo hata kimoja. Mbele kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hakina sumu; nyuma, kwa herufi za kuumiza macho, kwamba ni cha mapambo tu. Nikamuuliza binti wa kaunta kama kinaliwa. "Wateja wote wanachukua hicho, mama." Hilo si jibu. Gundi ya shuleni pia haina sumu na hatuipaki kwenye mkate.

Usiseme nimeanza. Mwaka 2018 huko Rhode Island, Marekani, watoto 6 walikula keki ya sikukuu ya kuzaliwa iliyopakwa unga wa kung'aa, wakaanza kutapika na kuhara. Ulipopimwa, ukakutwa umejaa shaba. Mwaka uliofuata, Missouri, mtoto wa mwaka mmoja akakutwa na madini ya risasi kwenye damu, yakafuatwa hadi kwenye unga wa njano wa kupambia keki. CDC, taasisi ya afya ya huko, ilitoa taarifa mwaka 2021 na ndugu yako amenisomea yote. Shaba angalau hutapisha, ukajua kuna jambo. Risasi hukaa kimya ikaenda kwenye ubongo wa mtoto. Na watoto hawali keki kama sisi, wanaanza kwa kulamba nyota.

Kwa hiyo geuza kichupa. Hakina viungo, rudisha kwenye rafu. Alama ya KEBS, wale wa viwango vya bidhaa, nayo usiitazame kwa mbali ukaridhika. Chukua namba ya kibali iliyo chini yake, itangulize SM#, uitume kwa 20023, uone kama jina litakalorudi ni la kitu ulichoshika. Ile wanayokupimia kwenye kikopo kisicho na jina, hata ikiwa nusu bei, iache hapo hapo. Mwenye oda akishikilia kwamba lazima ing'ae, mkatie nyota za kadibodi laini, isiyomwaga vumbi, uzichomeke kwa vijiti zitolewe kabla kisu hakijashuka.

Kazi unaijua, sikatai. Keki uliyoleta kwenye harusi ya binamu yako bado inasimuliwa, na wale waliouliza mwanamume mzima ataoka hadi lini, siku hizi wanauliza bei. Mmoja wao anakaa kwenye kiti cha baba yako. Lakini una haraka, baba. Tangu zamani unasoma bei, nyuma husomi.

Halafu ile keki ya Agosti iliyobonyea katikati usimlaumu mwenye unga. Kisumu tuko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, nyinyi Nakuru mmepita 1,800. Hewa ya huko ni nyepesi, gesi ya bekingi pauda inatanuka upesi, keki inapanda kabla haijashika, kisha inaanguka. Hata maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi. Kwenye kila kijiko cha chai cha bekingi pauda toa robo, ongeza maziwa kidogo, moto upande kidogo. Karatasi ya vipimo niliyokupa ilikuwa ya jiko la hapa. Jaribu kwanza keki ndogo ule mwenyewe, usijaribie oda ya mtu.

Zabibu za watoto loweka kwa maji ya machungwa. Kile kichupa chako kingine nakifahamu, kiache kwa keki za wakubwa.

Hapa tuko salama. Mahindi yamekauka ila dumuzi ameshaingia gunia moja, baba yako anasema tununue ile mifuko isiyopitisha hewa na mimi nasema tuuze mawili kwanza, bado tunabishana. Paa la jiko la nje linavuja pale pale juu ya jiwe la kusagia. Jogoo mwekundu baba yako amemkingia kifua, sijui tutachinja nini. Shangazi yako anakuja na wajukuu, kwa hiyo utalala sebuleni, usinune. Gesi iliisha Jumanne na mtungi umepanda bei, nimerudi kwenye makaa.

Nauli zitaruka wiki ya Krismasi, panda gari kabla ya tarehe 22. Keki ya nyumbani ishike mapajani, si kwenye buti, kona za Kericho unazijua. Lete na mizani yangu uliyoazima, sijasahau.

Na ukiwa dukani, kabla ya kulipa, piga picha ya kichupa uitume kwenye simu ya ndugu yako nikisome. Ya nyuma, si ya mbele.

Mamako