Sumukuvu haifi kwa kusonga ugali

Mhariri, salaam aleikum.

Nalisoma gazeti lenu hapa Ngamiani, Tanga, kwenye kibanda changu cha karanga na mahindi, sasa juzi kuna msomaji kaandika eti mahindi yakiota ukungu we yaoshe tu, saga, songa ugali uive vizuri sumukuvu (sumu ya huo ukungu) inakufa. Ndugu yangu, sumu si mdudu hata ife! Kuvu ndo linakufa, sumu yake inabaki, moto wa jikoni hauiwezi.

Mi mwenyewe niliamini hivohivo mpaka binti wa dada angu, anasoma mambo ya maabara Dar, aliponikalisha chini. Anasema tuna protini inaitwa p53, imetungwa kwa amino asidi 393 kama shanga kwenye uzi, kazi yake inashika DNA (maandishi ya urithi ndani ya seli) na kuwasha jeni za kuizuia seli iliyoharibika isizaane, au ife kabisa. Sumukuvu ikifika kwenye ini inageuzwa inakuwa kali zaidi, inang'ang'ania herufi G ya DNA, seli ikija kujinakili panaandikwa T, yani neno la herufi tatu AGG linakuwa AGT, na kila neno linataja shanga yake, basi shanga namba 249 iliyotakiwa iwe ajinini inakuja serini. Shanga moja tu, na protini nzima inashindwa kuishika DNA sawasawa! 1991 wataalamu waliikuta hii kwenye kansa za ini za watu wa China na kusini mwa Afrika, sehemu zenye sumukuvu nyingi.

Nikamuuliza kwahiyo kila shanga ikibadilika ni kansa? Akacheka, kumbe namba 72 wengine tuna ajinini wengine prolini na tunadunda tu. Na hiyo ya 249 hairithiwi, inatokea hukohuko kwenye ini, kwahiyo wanaosema ukoo fulani una laana ya kujaa tumbo kwa kansa ya ini wakaangalie kwanza ghala lao (na virusi vya homa ya ini B, hivo vikikutana na sumukuvu ndo balaa).

Ila na sie wafanyabiashara hatujatulia. Gunia likinyeshewa njiani kutoka Handeni hatutupi, tunachambua, mabovu tunayaita ya kuku, mengine ya ng'ombe, na ng'ombe akila sumu inatokea kwenye maziwa. Dodoma na Manyara 2016 watu walikufa kwa mahindi ya namna hii.

Naomba ile barua muirekebishe haraka, maana mteja wangu mmoja keshaikata kaja nayo, anataka nimpunguzie bei ya yaliyoota ukungu akasonge.

Muuza karanga,
Ngamiani, Tanga