Wasiokuja kwenye misafara ya hisani si wachoyo

Mhariri,

Kila msafara wa pikipiki wa kuchangia wagonjwa au watoto unapomalizika, husikika lawama ileile: wenye pikipiki ni wengi, waliojitokeza ni wachache, basi waliobaki hawana moyo wa kutoa. Naomba nafasi nilipinge hilo. Mara nyingi aliyebaki nyumbani amepiga hesabu ambayo waandaaji hawakuipiga: hesabu ya injini yake, mikono yake, tangi lake au siku yake ya kazi.

Mtazame mwenye pikipiki ya michezo, ile inayomlaza dereva juu ya tangi. Usukani wake uko chini na pa kukanyagia pako nyuma. Akiwa kwenye mwendo mkubwa, upepo humwinua kifua na viganja vikapumzika. Kwenye msafara wa kilomita 25 kwa saa upepo huo haupo, na uzito wa kiwiliwili chote humshukia kwenye vifundo vya mikono. Gia yake ya kwanza ni ndefu, kwa hiyo msafara ukipunguza zaidi ya hapo hawezi kuiachia klachi yote. Huishika nusunusu kwa muda mrefu, vidole vikafa ganzi na sahani za klachi zikasagika. Rejeta haipati hewa, feni inawaka na kumpulizia joto magotini. Mtu huyu ukimwambia njoo tutembee pole kilomita 40, umemwalika kwenye mateso, na hana namna ya kukueleza bila kuonekana mchoyo.

Mwenye pikipiki nzito ya kutalii hukaa wima, miguu mbele, na mwendo wa pole haumchoshi. Injini yake ndiyo yenye shida. Baadhi za aina hiyo zina silinda mbili zilizopangwa kama herufi V na hupozwa na hewa, maana yake zikisimama kwenye foleni hazina kinachozipoza. Hata hivyo huja, tena kwa wingi, kwa sababu klabu yake huishi kwa kuendesha pamoja. Anachotaka ni kimoja: klabu isitawanywe. Watu waliozoeana hujua nani hushika breki mapema na nani hukata kona kwa upana. Waandaaji wakiwapanga kwa jinsi walivyowasili, wamewavunjia usalama wao, na mwaka unaofuata klabu nzima haionekani.

Wa safari ndefu ana fikra nyingine. Chama cha Iron Butt cha Marekani hutambua wanaomaliza maili 1,000, yaani kilomita 1,600 na ushei, ndani ya saa 24. Aliyezoea barabara za namna hiyo haoni safari katika mzunguko wa mjini. Angependa kutoa fedha na kushika njia yake, ila tangazo halimpi nafasi hiyo: uje, au hesabu kuwa hukuchangia.

Lakini sababu inayowaondoa wengi, hasa wakongwe, ni hatari ya msafara wenyewe, na hapa ndipo waandaaji wengi hukosea. Mpangilio unaokubalika ni wa zigizaga: mmoja kushoto mwa njia, anayefuata kulia, kila mmoja sekunde 2 nyuma ya aliye mbele yake hasa na sekunde 1 nyuma ya aliye upande wa pili. Kwenye kona kali wote hurudi mstari mmoja. Sasa weka pikipiki 200 kwa mpangilio huo kwa kilomita 60 kwa saa. Kila sekunde ni karibu mita 17, kwa hiyo msafara una urefu wa zaidi ya kilomita 3 na huchukua zaidi ya dakika 3 kupita mahali pamoja. Taa ya kijani ya sekunde 30 hupitisha kama 30 tu. Waliobaki ama wasimame na kupotea, ama wapite kwenye taa nyekundu huku mtu asiye askari akiwa amezuia magari kwa kifua chake.

Tena msafara mrefu hujivuta na kujikunja kama mpira. Wa mbele akipunguza kidogo tu, kutoka 60 hadi 50, kila anayefuata hushika breki zaidi kidogo kuliko aliyemtangulia, mpaka wa mkiani anasimama kabisa. Wa mbele akiongeza, wa mkiani hulazimika kufika 90 ili aunge. Na mkiani huwekwa nani? Wanagenzi na wenye skuta za cc 125, yaani wale hasa wasioweza kufika 90 kwa usalama. Mwanagenzi hukazia macho taa ya breki iliyo mbele yake, haoni kona, na akichelewa huona haya akakaza mwendo. Hawa ndio wanaokuja kwa shauku kubwa na kuanguka mapema. Mahali pao ni nyuma tu ya kiongozi, mwendo wa msafara uwe mwendo wao.

Shirika la Motorcycle Safety Foundation la Marekani hushauri makundi ya watu 5 hadi 7. Msafara wa 200 unaweza kugawanywa hivyo: makundi yaachane dakika 2, kila kundi na kiongozi wake mbele na mfunga mkia wake nyuma anayeijua njia, ramani iwe kwenye simu ya kila mmoja kabla ya kuondoka ili asiwepo wa kumkimbiza mwenzake kwa kuogopa kupotea. Makundi yatachelewa kuisha, naam. Watu wanaweza kukutana mwishoni wakapigwa picha wote.

Mafuta nayo. Matangi ya pikipiki nyingine hubeba lita 8 tu, nyingine zaidi ya 20. Msafara wa 200 ukiingia kituo chenye bomba 4, na kila mmoja akachukua dakika 3, ni saa mbili na nusu. Dawa ni kujaza jana yake, na umbali wa siku usizidi uwezo wa tangi dogo kuliko yote.

Dereva wa bodaboda naye husahaulika kabisa, ilhali kwa mwendo wa pole hakuna anayemshinda. Hupita penye upana wa usukani bila kugusa mguu chini. Kwake Jumamosi asubuhi ni kipato. Msafara unaoanza alfajiri na kuisha kabla ya saa tatu angeumudu. Unaoanza saa nne kwa hotuba hauwezi.

Misafara ya kupeleka midoli kwa watoto ina kosa lake. Mdoli hufungwa nyuma ya kiti kwa mpira mmoja, unayumba, mguu wake unagusa eksosi na kuyeyuka, au unavutwa na cheni na kukwamisha gurudumu la nyuma. Tumia wavu wenye kulabu sita, fungasha juu ya kiti na mbali na eksosi, au gari moja likusanye mizigo yote pale pa kuanzia. Na tafadhali, msipige resi mbele ya wodi. Mtoto anayeumwa anahitaji usingizi.

Ipo misafara inayofaulu. Ule wa Distinguished Gentleman's Ride, ulioanzishwa Sydney, Australia, mwaka 2012, husema wazi unawaita nani: wenye pikipiki za mtindo wa zamani, waliovaa nadhifu, kwa ajili ya afya ya wanaume. Kila mshiriki huchangisha kwa ndugu na marafiki mtandaoni kabla ya siku, kwa hiyo fedha hazingojei hali ya hewa wala idadi ya waliofika. Hilo hujibu pia swali la wanaobaki nyumbani kuhusu gharama ya mafuta. Pikipiki 150 zikitumia lita 4 kila moja ni lita 600, na mtu ana haki ya kuuliza kama kilichokusanywa kimezidi kilichochomwa.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Ukiletewa tangazo la msafara, usilichape mpaka lieleze mwendo, umbali kati ya vituo, ukubwa wa makundi, saa ya kumaliza, fedha zinakwenda wapi, na namna ya kuchangia bila kuja. Na majina ya waliochangia kwa namna hiyo yasomwe pamoja na ya walioendesha.

Mpangaji wa misafara