Vichwa hukaguliwa, mashine za kunyolea hazikaguliwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mapunye, ugonjwa ambao wengi tumeuzoea kiasi cha kuuona kama sehemu ya utoto, ilhali mara nyingi huenezwa na uzembe unaoweza kuondolewa kwa brashi na chupa ya spiriti.

Mwanangu wa darasa la pili hunyolewa kila baada ya wiki mbili, kwa kuwa shule yao hutaka wanafunzi, wavulana kwa wasichana, wawe na nywele fupi, na kila Jumatatu mwalimu wa zamu hukagua vichwa mstarini. Mwaka huu lilimtokea baka la mviringo kisogoni, lenye magamba meupe, na nywele zikawa zimekatikia usawa wa ngozi. Nilianza kwa kuilaumu sabuni, kisha nikaenda kukaa kwenye benchi la kinyozi wetu na kutazama. Watoto wanne walinyolewa mfululizo kwa mashine ile ile. Baada ya kila kichwa kinyozi aliyapuliza meno ya mashine kwa mdomo, akayafutia kwenye suruali yake, akaita mwingine. Spiriti ilikuwepo, lakini ilipakwa shingoni mwa mteja aliyekwisha kunyolewa. Mashine yenyewe haikuonja hata tone.

Mapunye husababishwa na fangasi wanaoingia hadi ndani ya unywele, wala si damu chafu kama tunavyoambiana mitaani. Vipande vya nywele vinavyonasa kwenye mashine, kwenye brashi ya kupangusia na kwenye kitambaa cha shingoni hubeba vimelea vinavyoweza kukaa hai kwa miezi. Ndiyo maana pia krimu ya dukani, niliyompaka kwa siku 15 kwa imani kubwa, ilitibu juu juu tu bila kufika kwenye shina. Hospitali aliandikiwa vidonge vya griseofulvini, dawa ya fangasi, vya wiki 8, avimeze pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili mwili uvipokee vizuri, na shampuu ya ketokonazoli ya kupunguza kuwaambukiza wenzake. (Kitunguu saumu alichosuguliwa na bibi yake kilimchubua, na hilo tumelimaliza kifamilia.) Tiba ikicheleweshwa, kichwa kinaweza kuvimba na kutunga usaha, na kovu linalobaki halioti nywele tena.

Kinyozi hatakiwi kuwa na mitambo ya hospitali. Aondoe kwanza nywele zote kwa brashi, kwa sababu spiriti haifanyi kazi juu ya uchafu, kisha ayaloweshe meno ya mashine kwa spiriti na kuyaacha yakauke yenyewe, jambo linalomlazimu kuwa na mashine mbili za kupokezana. Na akiliona baka kichwani mwa mtoto, amwambie mzazi badala ya kunyoa na kunyamaza.

Maafisa afya wa kata, ambao hupita kwa mama lishe na kwenye mabucha, naomba waingie pia kwa vinyozi. Walimu nao wasimrudishe nyumbani mtoto aliyekwisha kuanza vidonge, kwani anaweza kuendelea na masomo huku akitibiwa. Mimi nimenunua mashine yangu, na sasa kila Jumamosi majirani wawili huwaleta watoto wao barazani kwangu, kila mmoja na chupa yake ya spiriti mkononi.

Mzazi,
Tanga